Kuusoma mkoa wa Vologda ukiwa Mwanza: ramani, maji, mipaka na majina

Ukimpa mwanafunzi kazi ya kueleza mkoa wa Urusi, ataleta ukubwa wa eneo, idadi ya watu, majina ya wafalme na picha ya kanisa lenye makuba. Futa jina la mkoa juu ya karatasi, hakuna atakayejua ni mkoa gani. Mwongozo huu unapita njia nyingine: maji kwanza, mipaka ifuate, halafu bidhaa, ndipo watu. Huko kaskazini mwa Urusi watu walikwenda palipokwenda maji, na mtu aliyekulia Nansio au Kirumba hilo halihitaji kuelezwa mara mbili.

Mkoa wenyewe ni Vologda. Mji mkuu wake una jina hilohilo, na uko kaskazini mwa Moscow kwa safari ya reli ya karibu kilomita 500. Hapa si Siberia. Ni Urusi ya Ulaya, upande wa misonobari, mabwawa na mito inayokwenda polepole. Kuna hata jina la huko ambalo Mwanza imelitamka kwa miaka bila kujua asili yake: ndege kubwa za mizigo za Ilyushin, zilizokuwa zikitua hapa kupakia minofu ya sangara, zimebeba jina la Sergei Ilyushin, mhandisi aliyezaliwa 1894 katika familia ya wakulima kijijini Dilyalevo, Vologda.

Kama wewe ni mwalimu wa jiografia, mwanafunzi anayejiandaa kwenda kusoma Urusi, au unaandika makala ya Kiswahili kuhusu mikoa ya nje, njia ni ileile. Andaa manila moja, rula ya sentimita 30, penseli, kalamu tatu za rangi tofauti, uzi wa mita moja na daftari. Kwenye simu ongeza kibodi ya Kirusi. Sababu yake utaiona mbele.

Ramani isiyodanganya

Kosa la kwanza hutokea kabla hujaandika neno. Ukifungua ramani ya simu na kuulinganisha mkoa wa Vologda na Ziwa Victoria kwa macho, utaona Vologda kama imelimeza Ziwa mara nane au zaidi. Ramani hizo huvuta nchi kadiri unavyoiacha ikweta. Kwenye latitudo ya 60, ambayo inapita katikati ya mkoa huu, kila umbali unaonekana mara mbili ya ulivyo, na kila eneo mara nne. Ukweli ni kwamba Vologda ina takriban kilomita za mraba 144,500 na Ziwa lina 68,800. Ni mara mbili na kidogo, basi.

Kwa hiyo chora mwenyewe. Tumia kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 20. Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111 popote duniani, hivyo mistari ya kulala iweke mbali kwa sentimita 5.5. Mistari ya kusimama ndiyo inayowashinda wengi. Karibu na Mwanza nyuzi moja ya longitudo nayo ni kilomita 111, lakini kwenye latitudo ya 60 ni kama 56 tu, yaani sentimita 2.8. Miraba ya Vologda itakuwa mirefu na myembamba kama matofali yaliyosimamishwa. Ukiichora sawa pande zote umeupanua mkoa mara mbili, na kila kitu utakachopima baadaye kitakuwa uongo.

Chora mistari kutoka longitudo 34 hadi 48 Mashariki, na latitudo 58 hadi 62 Kaskazini. Kisha weka miji hii: Vologda 59.2 K, 39.9 M, Cherepovets 59.1 K, 37.9 M; Belozersk 60.0 K, 37.8 M; Kirillov 59.9 K, 38.4 M, Vytegra 61.0 K, 36.4 M, Totma 60.0 K, 42.8 M, Veliky Ustyug 60.8 K, 46.3 M. Jipime: kati ya Vologda na Cherepovets upate sentimita 5 na nusu hadi 6, na kati ya Vologda na Veliky Ustyug karibu 20. Ukipata 11 na 36, rudi kwenye miraba.

Kwenye kona iliyobaki ya manila chora Ziwa Victoria kwa kipimo hichohicho. Litatoka na urefu wa sentimita 17 hivi na upana wa 12, na kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka ni sentimita 9. Sasa jicho lina kitu cha kushika: ukisema Veliky Ustyug iko mbali na makao makuu ya mkoa, msikilizaji anaona kwamba ni safari ya kwenda Bukoba na kurudi, na bado unaendelea kidogo.

Usisahau kimo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari. Vilima virefu vya Vologda vinafika kama mita 300 tu. Mkoa mzima, na vilele vyake vyote, uko chini ya usawa wa maji yanayopiga mawe ya Bismarck kwa zaidi ya mita 800. Baridi yake hailetwi na mwinuko, inaletwa na latitudo. Wanafunzi wengi wanaoifahamu baridi ya Mbeya au Njombe huchanganya hapo.

Fuata maji kwa uzi

Chukua zile kalamu tatu. Mkoa wa Vologda umekaa juu ya mgawanyo wa maji yanayokwenda bahari tatu, na hapo ndipo ilipo siri yake kubwa.

Kalamu ya kwanza: mto Sukhona unatoka Ziwa Kubenskoye, unapita Totma, unafika Veliky Ustyug, unakutana na mto Yug, na vikiungana vinaitwa Dvina ya Kaskazini, inayomwaga Bahari Nyeupe. Kalamu ya pili: mto Sheksna unatoka Ziwa Beloye, unapita Cherepovets, unaingia Volga, na Volga inakwenda Kaspi. Kalamu ya tatu: mito ya upande wa Vytegra inaingia Ziwa Onega, na maji ya Onega yanapita Ziwa Ladoga na mto Neva hadi Baltiki. Hapa kwetu Simiyu na mito yote ya kandokando inaangukia Ziwa na kutokea Jinja kwenda Nile, na lazima ufike kwa wenzetu wa Kigoma ndipo ukute Malagarasi ikigeukia Tanganyika. Kule kugeuka huko kunatokea ndani ya mkoa mmoja.

Pima Sukhona kwa uzi ukifuata mikunjo yake, usitumie rula. Ukitumia rula unafupisha mto na kuufanya uonekane barabara. Halafu andika pembeni jambo hili, kwa maana halimo kwenye vitabu vingi vya shule: kila majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka, mito ya Vologda na Lezha inaingia Sukhona kwa nguvu hadi sehemu ya juu ya Sukhona inarudi nyuma na kumwaga maji ndani ya Ziwa Kubenskoye inakotoka. Ukichora mshale mmoja tu wa mwelekeo umekosea kwa sehemu ya mwaka.

Palipo na migawanyo mitatu karibukaribu, mtu hawezi kuacha kuchimba mfereji. Njia ya Mariinsk iliyounganisha Volga na Baltiki ilifunguliwa 1810. Mfereji wa kuunganisha Sheksna na Ziwa Kubenskoye ulikamilika 1828. Mwaka 1964 ile ya kwanza ikajengwa upya kuwa njia kubwa ya Volga–Baltiki inayopitisha meli za mizigo hadi leo. Mahali ambapo mashua zamani zilivutwa nchi kavu juu ya magogo kutoka mto hadi mto huitwa volok. Ukikuta neno hilo ndani ya jina la mahali, ujue hapo watu walibeba mashua.

Kusini-magharibi weka alama ya bwawa la Rybinsk. Lilianza kujazwa 1941 na kujaa 1947, likafunika zaidi ya kilomita za mraba 4,000. Zaidi ya watu 100,000 walihamishwa na mji wa Mologa, katika mkoa jirani, ukazama. Kwa kazi yako maana yake ni hii: ramani yoyote ya kabla ya 1941 itaonyesha nchi kavu na vijiji mahali ambapo leo kuna maji. Usizichanganye kwenye manila moja bila kuandika mwaka.

Saa ni moja, jua si moja

Mwanza na Vologda zinatumia saa ileile, masaa matatu mbele ya saa ya dunia. Ukitaka kumpigia mtu wa huko huna haja ya kuhesabu. Lakini saa ya Kiswahili, inayoanza na jua, huko inakwama. Katikati ya Desemba jua la Vologda linachomoza kama saa 3 na robo asubuhi na kuzama kama saa 9 na dakika 20 alasiri. Katikati ya Juni linachomoza saa 9 usiku na kuzama karibu saa 3 na nusu usiku, na giza lenyewe haliingii sawasawa. Andika sentensi hiyo kama ilivyo, “jua linachomoza saa 9 usiku”, uwasomee darasa. Itafanya kazi kuliko jedwali.

Halafu barafu. Ziwa Beloye, lenye kilomita za mraba karibu 1,300, ni zaidi ya mara mbili ya kisiwa cha Ukerewe, lakini kina chake ni cha wastani wa mita 5 hivi, wakati Ziwa letu lina wastani wa mita 40. Maji mengi ya kina kifupi hupoa upesi. Kuanzia Novemba hadi mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei limefunikwa. Kumbuka foleni ya magari Kigongo kabla daraja halijafunguliwa 2025, yakisubiri kivuko kwenda Busisi. Sasa waza mwezi Januari maji yale yamekuwa sakafu, na lori linavuka bila daraja wala kivuko. Njia za namna hiyo zinaitwa zimnik. Ndiyo maana kaskazini mwa Urusi swali “ni mbali kiasi gani?” halijibiki mpaka uulize mwezi. Kibaya zaidi ni wakati wa kati, Aprili na Oktoba, barafu haibebi na barabara za udongo zimekuwa tope. Ukiandika umbali wa kijiji, andika pia majira.

Mipaka ya mwaka gani?

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Mfano wa nyumbani unatosha kuonyesha. Sensa ya 2002 iliipa Mwanza watu karibu milioni 2.9, ya 2012 ikaipa milioni 2.77. Mgeni atasema watu walikimbia. Hakuna aliyekimbia: Geita ilikatwa na kuwa mkoa mwaka huohuo wa 2012.

Vologda ina mikato kama hiyo, mikubwa zaidi. Zamani ilikuwa guberniya, yaani jimbo la enzi ya wafalme, lenye mipaka iliyowekwa 1796, na iligawanywa katika uyezd, yaani wilaya za enzi hiyo. Guberniya hiyo ilienea mashariki hadi nchi ya Wakomi. Solvychegodsk, iliyokuwa ndani yake, leo ni ya mkoa wa Arkhangelsk. Kwa upande mwingine, Cherepovets na Belozersk, ambazo leo ni za Vologda, wakati ule zilikuwa za guberniya ya Novgorod. Mkoa wa sasa, unaoitwa oblast, ulianzishwa Septemba 1937. Basi ukikuta “idadi ya watu wa Vologda 1897” na “idadi ya watu wa Vologda 2021”, hizo ni nchi mbili tofauti zenye jina moja. Linganisha zile za baada ya 1937 tu: 1989 watu kama milioni 1.35, 2010 milioni 1.20, 2021 milioni 1.14.

Katika Kiswahili guberniya iache ilivyo, oblast iite mkoa, rayon iite wilaya. Ukiziita zote “mkoa” msomaji hatajua unasema karne gani.

Tarehe nazo zina mitego miwili. Urusi ilitumia kalenda ya zamani hadi 31 Januari 1918, na siku iliyofuata ikaitwa 14 Februari. Tarehe ya kabla ya hapo inahitaji kuongezwa siku: 11 kwa karne ya 18, 12 kwa karne ya 19, 13 kwa karne ya 20. Amri ya kuwafungua wakulima waliokuwa mali ya mabwana wa ardhi iliandikwa 19 Februari 1861. Kwa kalenda yetu ni 3 Machi. Mtego wa pili uko kwenye maandishi ya kabla ya 1700, ambapo miaka ilihesabiwa tangu kuumbwa ulimwengu. Toa 5508. Lakini mwaka wao ulianza 1 Septemba, hivyo tukio la Septemba hadi Desemba toa 5509. Jaribu na maandishi ya kanisa la monasteri ya Ferapontov, karibu na Kirillov, ambako mchoraji Dionisy na wanawe walipamba kuta: mwaka ulioandikwa ni 7010. Kama ni Agosti, ni 1502. Michoro hiyo bado ipo ukutani, na tangu 2000 mahali hapo pamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Ukikuta vipimo vya kale, versta ni kilomita 1.07, pud ni kilo 16.4, desyatina ni ekari 2.7. Gunia la kilo 100 ni kama pud 6.

Waliuza nini, na kwa nini hicho

Historia ya mkoa wa mashambani iandike kwa kuuliza nini kilitoka na kwa njia gani, kisha uone majina ya watawala yatakavyojipanga yenyewe. Belozersk inatajwa kwenye kumbukumbu za kale chini ya mwaka 862. Mapokeo yanauweka mji wa Vologda 1147. Monasteri ya Kirillo-Belozersky ilianzishwa 1397, ikawa tajiri na yenye ngome. Kilichoupandisha mji wa Vologda, hata hivyo, ni meli ya Mwingereza Richard Chancellor, iliyofika Bahari Nyeupe 1553. Kuanzia hapo bidhaa za Ulaya zilipanda Dvina na Sukhona hadi Vologda, zikashushwa, na kupelekwa Moscow kwa sleji wakati wa theluji. Ivan wa Nne aliupenda mji huo kiasi cha kuanza kujenga ngome na kanisa kuu hapo miaka ya 1560.

Kisha Peter wa Kwanza akajenga St Petersburg mwaka 1703 na kulazimisha biashara ipite Baltiki. Vologda ikapoa. Kwa mtu wa Mwanza hili si geni. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu 1901, mzigo wa kusini mwa Ziwa ulipandishwa meli kwenda huko, na mpaka reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza 1928 ndipo mizani ikageuka. Vologda nayo ilingoja reli, iliyofika kutoka Yaroslavl 1872.

Reli ndiyo iliyoleta siagi. Maziwa ya mbali huchacha njiani, siagi huvumilia. Nikolai Vereshchagin, mzaliwa wa wilaya ya Cherepovets, alianzisha kuanzia 1866 vikundi vya wakulima vya kutengeneza jibini na siagi. Siagi iliyopewa baadaye jina la Vologda hutoka kwenye malai yaliyopashwa moto hadi karibu nyuzi 95 au zaidi kabla ya kupozwa na kusukwa. Joto hilo hubadilisha ladha ya malai, ikawa kama ya karanga zilizokaangwa. Mwanzoni iliitwa “ya Paris”. Mwaka 1939 ikabadilishwa rasmi kuwa ya Vologda. Nikolai huyu asichanganywe na Vasily Vereshchagin, mchoraji wa vita: ni ndugu wa tumbo moja.

Kuna samaki mdogo wa Ziwa Beloye anayeitwa snetok. Mweleze kama dagaa na umemaliza nusu ya kazi: mdogo wa urefu wa kidole, anavuliwa kwa wingi, anakaushwa mzimamzima, anauzwa mbali kwa magunia. Tofauti iko kwenye kukausha. Dagaa wa mwaloni wa Kirumba huanikwa juani, na mvua ikinyesha mwenye mali anakimbia. Kule jua halitoshi, hivyo snetok alikaushwa ndani ya tanuri.

Pamba ya Usukuma ina mwenzake pia, kitani, mmea unaopenda ubaridi na unyevu. Kutokana na uzi wa kitani wanawake wa Vologda wanafuma lesi kwa vijiti vya mbao juu ya mto mgumu kama wa kulalia, na lesi hiyo ina jina hadi leo. Cherepovets ni hadithi nyingine kabisa: kiwanda cha chuma kilichoanza kuyeyusha 1955 mahali pasipo na chuma wala makaa ya mawe. Madini ya chuma yanatoka kaskazini-magharibi, Kola na Karelia. Makaa yanatoka kaskazini-mashariki, Vorkuta. Cherepovets iko katikati, penye reli na maji. Ukiuliza “kwa nini hapa?” jibu liko tayari kwenye manila yako.

Vijiji, na waliobaki

Wagawanye watu kwa hesabu ndogo. Mkoa una watu kama 8 kwa kila kilomita ya mraba. Nchi kavu ya mkoa wa Mwanza ina karibu 390. Tena miji miwili, Vologda na Cherepovets, ina kama watu 300,000 kila mmoja. Ukiwatoa hao, waliobaki nje ni chini ya nusu ya mkoa. Vijiji vilivyomo kwenye vitabu vya serikali ni kama 8,000, na zaidi ya 2,000 kati yake havina mtu hata mmoja. Jina lipo, barabara imeota majani.

Usiandike “watu walihamia mjini” ukaishia hapo. Miaka ya 1930 mashamba yaliunganishwa kwa nguvu kuwa kolkhoz, na wakati huohuo familia za wakulima zilizofukuzwa mikoa ya kusini zilishushwa Vologda kwa makumi ya maelfu, zikalazwa makanisani. Vita vikachukua wanaume. Hadi amri ya 1974 mtu wa kolkhoz kwa kawaida hakuwa na haki ya pasipoti ya ndani, hivyo kuhama kulihitaji ruhusa, jeshi au shule. Na katika miaka ya 1960 na 1970 vijiji vidogo vilitangazwa kuwa havina mustakabali: shule ikafungwa, duka likafuata. Wengi hapa watakimbilia kulinganisha na vijiji vya ujamaa vya miaka hiyohiyo. Linganisha kwa uangalifu, kwa maana kwetu watu walisogezwa pamoja na wakaongezeka, kule walipungua.

Kijiji kina majina mawili. Selo kilikuwa na kanisa. Derevnya hakikuwa nalo. Hili lina kazi: kabla ya 1918 vizazi, ndoa na vifo viliandikwa kanisani, hivyo anayetafuta habari za mtu wa derevnya lazima kwanza ajue selo lao lilikuwa lipi. Nyumba yenyewe ilijengwa kwa magogo, watu upande mmoja, ng'ombe upande wa pili, nyasi kavu juu yao, vyote chini ya paa moja. Mji wa Msukuma unatawanya nyumba kuzunguka zizi kwa sababu mtu anaweza kuvuka uwanja mwezi wowote. Kwa theluji ya kiunoni, mwenye ng'ombe anataka kumkamua bila kufungua mlango wa nje.

Neno “Mrusi” nalo litazame. Kirusi kina maneno mawili: russkiy ni mtu wa kabila la Warusi, rossiyanin ni raia wa Urusi. Vologda ina Wavepsi, watu wachache walio zaidi wilaya za Babayevo na Vytegra, ambao lugha yao ni ya ukoo wa Kifini na Kiestonia. Ni raia wa Urusi, na kwa kabila si Warusi. Mjaluo wa Rorya na Mjita wanavua maji yaleyale na kupeana salamu, ila lugha zao hazina babu mmoja. Mvepsi na Mrusi wako hivyo.

Majina, herufi, na ile “o”

Sasa ile kibodi. Tafuta kila mara kwa herufi za Kirusi, kwa kuwa jina moja likiandikwa kwa herufi zetu hupata sura tatu au nne na utapoteza nusu ya habari. Herufi za hatari ni zile zinazofanana na zetu: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, Х ni kh. Neno РЕКА linasomeka “reka”, maana yake mto; ОЗЕРО ni “ozero”, ziwa. Mwanafunzi akisoma РЕКА kama “peka”, mwache kwanza akwame, halafu mwoneshe.

Majina ya watu yana sehemu tatu. Nikolai Vasilyevich Vereshchagin ni Nikolai, mwana wa Vasily, wa ukoo wa Vereshchagin. Ile -ovich au -evich inafanya kazi ya Ng'wana kwa Wasukuma. Kwa mwanamke inakuwa -ovna au -evna, na jina la ukoo mara nyingi linaongezwa -a. Mtu mzima, mwalimu au mwenyeji wako kijijini mwite kwa jina lake pamoja na la baba, Nikolai Vasilyevich, bila “bwana” wala cheo. Kumwita “Nikolai” mkavu mara ya kwanza ni sawa na kumwita mzee wa Igoma kwa jina lake tupu.

Matamshi yatakupa bahati usiyoitarajia. Kirusi cha Moscow, “o” isiyo na mkazo hugeuka “a”: maziwa yanaandikwa moloko na kutamkwa “malako”. Mswahili huisoma herufi kama alivyoiona, moloko, na mwalimu wa lugha atamsahihisha kila siku. Ila wenyeji wa vijiji vya Vologda nao wameishika “o” yao tangu zamani, na Warusi wengine huwatambua kwa hiyo. Mjini Moscow irekebishe. Ukishuka Vologda, kwa bibi anayeuza siagi sokoni, sema moloko.